Taa ya Zambarau Niliinunua Mimi

"Mmea hauna macho. Upe nyekundu na buluu, umeupa chakula chote. Rangi zilizobaki ni pambo la kumfurahisha binadamu."

Maneno hayo yalisemwa mezani kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa, na leo nataka kuyajibu. Kwanza, si kweli kwamba jani linaitupa rangi ya kijani yote. Linairudisha sehemu, ndiyo maana tunaliona la kijani, lakini sehemu nyingine hupenya ndani zaidi kuliko nyekundu inavyopenya, na jani huitumia. Pili, hata kama mmea ungeshiba kwa rangi mbili, mmea uliofungiwa ndani ya kasha la kioo hauishi kwa mwanga tu. Unaishi kwa jicho la anayeutunza. Jicho lisipoona jani likianza kufifia, mkono hautafika kwa wakati. Tatu, aliyesema maneno hayo hakuwa amewahi kukuza hata mmea mmoja unaokula wadudu. Alikuwa amesoma kurasa kadhaa kwenye simu, ndani ya basi la kutoka kazini, akaingia nazo nyumbani kama mtu aliyeleta ng'ombe kutoka mnadani.

Mpinzani huyo namfahamu. Nimegombana na wengi: wakuu wa shule, wachungaji, wahariri, viongozi wa chama cha walimu, na sikumwacha hata mmoja aende zake bila jeraha. Huyu peke yake nimemwachia miaka miwili. Ni mimi, Kemunto. Maneno hayo niliyasema mimi, nikakuambia wewe, ukiwa na miaka kumi na sita na daftari lako la vipimo mkononi.

Umeenda mtaa wa Ladywood kumuaga shangazi yako. Utarudi na basi kabla ya saa mbili, wakati ambapo saa ya swichi huizima taa yako. Nimeketi ngazini, ile ngazi ya tano kutoka juu, na mlango wa chumba chako umeuacha wazi kidogo. Sijaingia. Mwanga wako mweupe unatoka mlangoni, unafika mpaka kwenye karatasi hii, na unanitosha kuandika. Kesho saa tano treni yako inaondoka kwenda Aberdeen, chuo kikuu. Mambo ya blanketi, unga, na nambari ya daktari mama yako ameshakuambia, na anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimekuwa nikilizunguka tangu Jumamosi kama mbwa anayezunguka nungunungu.

Jumamosi walikuombea. Nitafika huko. Lakini nikianzia hapo nitakuwa nimefanya nilivyozoea, kumshika mtu mwingine koo kabla sijafungua mikono yangu watu waone ina nini. Nianze na mmea wa kwanza.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulirudi kutoka sokoni na kikopo chenye mtego wa nzi, vile vinywa vidogo vyenye meno, ukakiweka dirishani. Mama yako aliuliza kama tutalazimika kuununulia nyama. Ulicheka ukasema inzi mmoja kwa mwezi unatosha. Dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, ukuta unaolisikia jua la Birmingham kwa habari tu. Baada ya wiki chache majani yakaanza kurefuka, membamba, yameinama upande mmoja, kama mtu anayechungulia juu ya mabega ya umati. Ulisema, "Baba, it's stretching. Inatafuta mwanga."

Mimi nikatazama udongo. Ulikuwa umeupanda katika kuvumwani, ile mimea laini ya vinamasi iliyokaushwa, na mchanga, vitu ambavyo kule kwetu Nyamira mtu hawezi kupandia hata magugu. Baba yangu alinilea kwa imani moja: ukiona mmea umekonda, ulishe. Sijawahi kumwona Mkisii akisimama mbele ya udongo maskini akanyamaza. Ulipoenda shule nikachukua kijiko cha mbolea ya bustani, nikakichanganya humo kwa upendo, nikafukia. Ndani ya wiki mbili mizizi ilikuwa imeungua. Mimea hii ilijifunza kula wadudu kwa sababu ilizaliwa penye udongo mtupu, na mizizi yake haivumilii shibe. Ulinieleza hivyo huku machozi yanakutoka. Nami nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba mmea usioweza kustahimili mbolea haukustahili kuishi.

Sikuomba msamaha. Nilidhani nimetania.

Mwaka uliofuata ulianza upya, na mara hii ukaanza kwa akili. Mtungi wa kukinga maji ya mvua uani. Kasha la kioo lenye mfuniko unaofunguka. Miche kumi na mitano: mitego, ile yenye majani kama mitungi, na ile ya umande, yenye nywele nyekundu zenye matone kama asali. Ulisema tatizo la kwanza lilikuwa mwanga, kwa hiyo utachagua taa kwanza na mimea itafuata. Uliweka simu yako mahali penye jani, ukapima. Ukaisogeza, ukapima tena. Ukaandika. Nakumbuka mazungumzo yetu mezani neno kwa neno, maana ni mojawapo ya ushindi wangu.

"Nataka nyeupe," ulisema. "Ile ya rangi ya mchana. Naifunga juu, thirty centimetres, halafu naishusha polepole."

"Nyeupe ni kupoteza," nikasema. "Mmea hauna macho." Na yale mengine yote.

"Lakini nitaonaje kama zinaumwa?"

"Kwani wewe ni daktari wao?"

"Ndiyo."

Nikacheka. Nikakuuliza kama wewe ni mdudu hata uhitaji kuona umande unavyong'aa. Nikakutolea hoja ya aina mbili za klorofili, ile kijani ya jani. Ulijaribu kusema kitu kuhusu jani kuonekana jeusi chini ya zambarau, nikakukatiza kwa swali, na ulipokuwa unalijibu nikakukatiza kwa jingine. Hiyo ni mbinu, Kemunto. Nilijifunza katika mikutano ya chama: usimwache mtu amalize sentensi ambayo huna jibu lake. Mwisho ulisema, "Sawa, Baba," ukakunja daftari. Mama yako alikuwa akiosha vyombo. Hakugeuka. Alisema tu, "Hongera. Umemshinda mtoto."

Nikainunua taa ya zambarau mimi mwenyewe. Nikaifunga mimi mwenyewe, kwa skrubu zangu, na nikaiwasha nikakuita uje uone.

Nataka nimtendee haki hata adui huyu. Taa ya namna ile inaweza kukuza mimea. Wako wanaofanikiwa nayo. Kosa langu lilikuwa kwamba nilichagua taa iliyoshinda hoja, sikuchagua taa ya mtu atakayesimama mbele yake kila asubuhi. Chini ya mwanga ule kila kitu kilikuwa na rangi moja. Jani zima na jani linalooza vilifanana. Mara nne ulibeba kasha lile zito hadi uani ili ulitazame mchana, na mara ya nne nilikuambia unajisumbua bure.

Sasa kuhusu dirisha. Nyumba za mtaa wetu wa Bordesley Green zimebanana ukuta kwa ukuta, na kati ya chumba chako na ule ukuta wa jirani kuna uchochoro ambao watu hupita kwenda kituo cha basi. Hukuwa na pazia zito. Kuanzia saa kumi jioni za baridi, dirisha letu liliwaka zambarau kuliko ishara ya duka. Mimi sikuliona, maana nilikuwa zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee. Watu waliliona.

Na mwezi ule ule nilikuwa nimeandika katika jarida la ushirika wetu wa maombi makala niliyoiita "Mlango Uliofungwa". Unaikumbuka. Nilisema mzazi asiyejua kilicho nyuma ya mlango wa mtoto wake amejiuzulu uzazi, arudishe cheo. Niliwachapa kina baba wa ushirika wetu bila huruma. Baadhi walijitambua. Nilipigiwa simu za pongezi na simu za hasira, na zote zilinifurahisha sawasawa.

Jumamosi moja ya mwezi ule ikafika, zamu ya ushirika kukutana kwetu. Sebule ilijaa, viti vya kuazima hadi mlangoni. Mzee Mogaka, mwenyekiti wetu, aliingia akipangusa miguu, na unajua jinsi asivyoweza kuingia mahali bila mzaha.

"Mwalimu! Nimeshuka basi nikaona nyumba yako inawaka kama baa. Huko juu mnauza nini?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Ama ni yale majani yenyewe? Hapa watu wanayalima chumbani hivyo hivyo, na taa hiyo hiyo."

Kicheko kikapungua, kila mtu amejua anasema bangi. Hapo, Kemunto. Hapo nilikuwa na nafasi yenye upana wa mlango wa kanisa. Ningesema: ni taa yangu, niliinunua mimi, inakuza mimea ya binti yangu inayokula inzi, twendeni juu mkaone. Kwa maneno hayo ningewamaliza wote. Lakini niliona nyuso za wale kina baba niliowachapa. Wananitazama, wanangoja. Na mimi niliyewaambia wajue kilicho nyuma ya milango yao nikasema:

"Ni huyu msichana. Nimemwambia aitoe hiyo taa, hasikii."

Ulikuwa ngazini, hapa nilipoketi, umeshika sinia la mandazi. Uliteremka, ukaliweka mezani, ukasema, "Karibuni," ukapanda tena. Hukubamiza mlango. Ningependelea ungeubamiza.

Kwa hiyo yaliyofuata nayajua yalitoka wapi. Yalitoka kinywani mwangu. Mama Furaha, jirani yetu aliyetoka Bukavu, ambaye binti yake alikuja kwako kila Jumatano mfanye hesabu pamoja, alinisimamisha nje ya duka Coventry Road. Alikuwa na aibu kuliko mimi. "Mwalimu, miye sina mabaya na weye. Lakini mutoto wangu hatakuya tena. Watu banasema mambo ya ile mwangaza." Nafasi ya pili, mbele ya mtu mmoja tu, mama mpole mwenye mfuko wa viazi. Nilimwambia naelewa. Nikamwambia asante kwa kuwa mkweli. Mimi, nikamshukuru yeye kwa ukweli.

Kisha wakakuondoa kwenye darasa la watoto wadogo la Jumapili. "Mpaka mambo yatulie." Hawakusema mambo gani, na mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza mambo gani, sikuuliza.

Kisha mchana mmoja maafisa wawili wa polisi wakabisha hodi. Ulikuwa peke yako. Uliwapandisha juu, ukawaonyesha kila mche, ukawaeleza jinsi mtego unavyohesabu migusano kabla ya kujifunga. Mmoja aliuliza kama unauma. Walikaa nusu saa, wakakushukuru, wakaondoka wakicheka. Hayo yote niliyapata kwa mama yako. Kwako sikuyapata, kwa sababu nilipoingia mlangoni na ukaanza kunisimulia, swali langu la kwanza lilikuwa, "Majirani waliwaona?"

Ukasema, "I don't know, Mwalimu."

Hiyo ndiyo siku uliyoanza kuniita kwa jina ambalo ushirika huniita. Nilijifanya sikulisikia. Nimelisikia kila siku tangu siku hiyo.

Na kama hayo hayakutosha, niliamuru kasha lifunikwe. Kila jioni, na kutwa nzima Jumamosi, kwa lile blanketi zito tulilokuja nalo kutoka nyumbani, taa ikiwaka ndani yake na mfuniko umefungwa usidondoke. Ulisema joto litapanda na hewa haitapita. Nikasema ni saa chache. Ulisema mara moja tu. Ulikuwa umeacha kubishana nami, na mimi, mjinga, nilihesabu kimya chako kama kura. Wiki ya tatu ulilibeba kasha uani mara ya tano. Nilikuwa nakutazama kutoka dirisha la jikoni. Uliondoa mfuniko kwenye mwanga wa mchana, na hata pale nilipokuwa niliona: kijivu, kahawia, na ukungu mweupe kama pamba. Miche kumi na minne imekufa. Mmoja wa umande ulikuwa umekauka juu lakini hukuutupa. Ulichimba pembeni kwa kidole, ukapata mzizi mmoja mweupe, ukaurudishia udongo.

Mzizi huo uliota. Hukuniambia. Nilijua siku niliyorudi asubuhi kutoka zamu ya usiku nikaona chini ya mlango wako mstari wa mwanga mweupe. Ulikuwa umeing'oa taa yangu na kufunga yako. Nilisimama hapa ngazini nikiwa na viatu mkononi. Mwandishi wa "Mlango Uliofungwa" hakuweza kubisha.

Tangu wakati huo nimesoma upya, mara hii bila kutafuta silaha. Unayajua yote nitakayosema, lakini niruhusu niyaseme, ili ujue kwamba angalau mara moja nilikusikia, hata kama nilikusikia mwaka mmoja baada ya wewe kusema. Wati zinakwambia taa inakula nini, hazikwambii inatoa nini. Lumeni, kipimo cha mng'aro, zimepimwa kwa jicho la mtu. Kipimo cha maana ni kile kinachofika penye jani, kama ulivyopima wewe tangu siku ya kwanza, na balbu ukiipandisha ikawa mbali mara mbili, kinachofika chini hakiwi nusu, huwa karibu na robo. Ukibadilisha mahali, usiamini urefu uliouzoea hapa. Anza juu, shuka kidole kimoja baada ya siku kadhaa, na utazame jani jipya. La zamani litakupa habari za zamani. Likija jembamba na kijani tupu, linaomba mwanga. Likiwa na nywele nyekundu na umande mzito, hapo hapo, usiguse. Likipauka ncha, umesogea mno.

Na uzime. Hili nimelielewa mwisho na lilinichoma. Saa kumi na nne za mwanga, halafu giza kamili, kila siku. Mmea una kazi zake za gizani. Ukipata mtego wa nzi mwingine, utataka baridi na siku fupi majira ya baridi, utaonekana kama umekufa, na mtu wa aina yangu atakuja na kijiko cha mbolea. Mfukuze.

Leo mchana nilijaribu. Wewe na mama yako mliona jinsi nilivyojaribu. Ulikuwa unakunja sweta, na mimi nimesimama mlangoni natafuta pa kuanzia, na badala ya kusema lile jambo nikasema, "Taa hiyo haitatosha huko. Siku za kaskazini ni fupi."

"Sawa, Mwalimu."

"Nasema tu ufikirie."

"Nimefikiria. Ndiyo maana iko na timer."

Mama yako alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa kudungwa sindano. Ukachukua koti ukaenda Ladywood.

Sasa Jumamosi. Walikuja kukuaga. Nilitumaini, nakuambia kweli, kwamba pilau na keki vingefunika kila kitu, tungepita. Mzee Mogaka akasimama kuomba. Akaomba kwa ajili ya safari, masomo, na afya. Kisha sauti yake ikashuka, ile sauti yake ya siri mbele ya watu thelathini: "Na umwondolee, Bwana, yale mazoea ya gizani. Asiyabebe aendako. Awasikilize wazazi."

Wakasema, "Amina."

Nami nikasema, "Amina."

Nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua, yako yalikuwa wazi. Hukuwa na hasira. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ulinitazama kama ulivyotazama kasha lile uani, mchana ule, ulipokuwa unahesabu miche iliyokufa na kutafuta kama kuna mzizi.

Tangu Jumamosi nimeandika barua kwa ushirika mara tatu na kuifuta mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na aya sita za kumshambulia Mzee Mogaka. Ilikuwa nzuri, ungecheka. Niliifuta kwa sababu nilifika aya ya sita bila kutaja jina langu. Ya pili ilieleza historia ya taa. Ya tatu ilisema "kulitokea kutoelewana", na niliposoma neno hilo nikaifuta hapo hapo, maana nimewahi kumchapa mkuu wa shule ukurasa mzima kwa kutumia neno hilo hilo. Miaka thelathini naandika, sijawahi kufuta kauli hadharani. Nilidhani huo ni uthabiti. Watu wazima kadhaa walioacha kuzungumza nami wana neno tofauti, na sasa nadhani walikuwa wameliona jani mapema.

Usidhani nakuomba uniite tena Baba kesho kituoni. Sina haki ya kuingiza jambo hilo hapa. Na kasha ulibebe, usiniachie. Nilimsikia mama yako akikuuliza kama mmea ungebaki, ukamwambia, "Not with him." Ulikuwa sahihi. Mimi bado najifunza kukaa mbele ya kitu kinachoumwa bila kukifanyia hotuba. Unakokwenda, mmea wa umande huota wenyewe kwenye vinamasi, chini ya anga lisilo na taa ya mtu yeyote. Ukiuona, usininunie kiasi cha kutoniambia. Niandikie hata mstari mmoja. Niambie una rangi gani mchana.

Lakini jina lako haliwezi kusubiri. Likibaki hapa kama lilivyo, utakuwa umeondoka na mimi ndiye niliyekufukuza. Mama yako atakuwa akiulizwa kanisani, "Msichana wa taa yuko wapi siku hizi?" Wale watoto wadogo watakua wakijua kwamba mwalimu wao aliondolewa. Kwa hiyo nimeandika mara ya nne. Nimeiweka chini hapa. Safari hii sitaamua peke yangu mezani nikuite uje kuona. Karatasi hii nitaiingiza chini ya mlango wako taa ikizimika. Ukitaka ibaki kwako, itabaki, na sitakuuliza sababu. Ukikubali, irudishe tu chini ya mlango, nitapiga picha sehemu iliyo yao na kuituma kwenye kikundi cha ushirika usiku huu huu, kwa mwandiko wangu, bila kubadilisha neno. Ukitaka kufuta neno, futa. Kalamu nimeiweka hapo kizingitini.

Yafuatayo ni yao.

Kwa Mzee Mogaka, kwa Mama Furaha, kwa wasimamizi wa darasa la watoto, na kwa kila aliyekuwa sebuleni kwetu Jumamosi akasema Amina.

Taa ya zambarau niliinunua mimi. Niliichagua mimi, nikaifunga mimi, kinyume cha ushauri wa binti yangu, ambaye alitaka nyeupe na alikuwa sahihi. Hakuna jani la haramu lililowahi kuota katika nyumba hii. Polisi walikuja, walipandishwa juu na Kemunto, waliona mimea inayokula inzi, wakaondoka. Siku ile mliponiuliza, nilimsingizia mbele yenu kwa sababu nilikuwa nimeandika juu ya milango yenu na niliogopa mtaugeukia wangu. Mlichosema baadaye mlikipata kwangu. Lakini hakuna kati yenu aliyepanda ngazi kumi na tatu kumuuliza yeye, na kwa hilo siwabebei mzigo.

Sitaki mnisamehe kwenye simu. Sitaki vikaragosi vya mikono iliyokunjwa. Kesho saa tatu asubuhi mlango wetu utakuwa wazi, na yeye ataondoka nyumbani saa nne. Njooni. Mama Furaha, mlete Furaha. Wasimamizi, waleteni watoto mliomnyang'anya, wapande juu, wautazame mmea chini ya mwanga mweupe, wamuulize maswali yao yote. Mzee Mogaka, uliomba kwa sauti. Omba tena kwa sauti ile ile, na mara hii uombe kwa ajili yangu, kwa jina, na kwa kosa langu nililolitaja hapa. Mimi nitakuwa ngazini na sinia la mandazi. Mtakapoingia msinisalimie mimi. Pandeni moja kwa moja, mbishe hodi mlangoni kwake, na mngoje mpaka aseme karibuni.